Mali Bila Daftari: Vitabu vya Guqin vya Uchina na Inanga ya Burundi

Katika mtaa wa Asiatique hapa Bujumbura, mtaa ambao utawala wa Kibelgiji uliutenga kwa ajili ya wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi na Uarabuni, iko methali ya Kiswahili isiyohitaji mwalimu wa kuifafanua: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka huijua kwa sababu anaiishi. Sisi walimu huifundisha kama onyo la biashara, kisha tukaendelea na methali nyingine. Katika makala haya tunakusudia kuipima methali hiyo kwa mali ya namna tofauti, nayo ni muziki wa ala za nyuzi. Tutauliza daftari la muziki laweza kuhifadhi nini, na ni kitu gani kinachopenya na kupotea hata pale daftari lilipotunzwa vizuri. Vielelezo vyetu ni viwili. Cha kwanza ni vitabu vya kale vya Uchina vya ala iitwayo guqin, ambavyo baadhi yake vimepambwa kwa picha. Cha pili ni inanga ya Burundi, ambayo haikupata kujengewa desturi ya vitabu vya aina hiyo.

Tuanze na suala la majina, maana mwalimu wa lugha hana budi kujua anazungumzia nini. Guqin ni ubao mrefu wenye mvungu ndani, wenye nyuzi saba zilizotandazwa kutoka ncha moja hadi nyingine, bila ya shingo kama ya gitaa na bila ya mikono kama ya kinubi. Mpigaji huilaza mbele yake. Kwa desturi nyuzi zake zilikuwa za hariri, na pembeni mwake huwekwa alama 13 za kumwongoza mpigaji mahali pa kugusa. Tukiiita zeze, msomaji atafikiri kijiti na kibuyu. Tukiiita kinanda, kijana wa leo atafikiri ala ya kanisani. Jamaa yake wa karibu aliyekwisha kupata jina katika Kiswahili ni kanuni ya taarabu, ambayo nayo hulazwa, ingawa nyuzi zake ni nyingi mno. Kwa simulizi iliyoenea Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri ajifunze ala hiyo.

Inanga ni ndugu wa karibu zaidi kwa namna ya kushikwa na kwa tabia. Ni ubao uliochongwa mfano wa sinia refu au mtumbwi mdogo usio na kina, na uzi mmoja mrefu hupitishwa katika pengo za ncha zake ukienda na kurudi, hata ukawa kama nyuzi nane hivi. Ala za jamii hii zimeenea katika nchi za Maziwa Makuu: Rwanda ni inanga, kwa Wahaya ni enanga, kwa Washi wa Kivu ni lulanga, na mbali zaidi kusini Wahehe wanayo ligombo. Katika Kiswahili sanifu, neno nanga limekwisha kushikwa na chuma cha merikebu. Kwa hiyo tutaiacha inanga na irabu yake ya mwanzo, ili mwanafunzi asije akadhani kwamba Warundi wanaimbia chombo cha baharini.

Sasa tuvitazame vitabu vya Uchina. Mkusanyo wa kale kuliko yote ya guqin iliyosalia ni Shenqi Mipu, uliotolewa mwaka 1425 na Zhu Quan, mwana wa kifalme, mtoto wa mwanzilishi wa enzi ya Ming. Una juzuu tatu na nyimbo zipatazo 60 na ushei. Kabla ya hapo ipo hati ya wimbo mmoja tu, Youlan, nakala ya enzi ya Tang iliyohifadhiwa Japani. Hati hiyo ina maneno karibu 5,000, na yote ni maelezo: weka kidole fulani hapa, kwangua uzi fulani hivi, kisha telezesha hadi pale. Hebu tufikirie mwanafunzi anayelazimika kusoma insha nzima kabla ya kutoa sauti chache! Baadaye maelezo hayo yalifupishwa. Vipande vya herufi vilikusanywa na kufanywa alama moja, ambayo kwa mtazamo mmoja hutaja kidole cha kushoto, mahali pa kubana, kidole cha kulia, namna ya kupiga na namba ya uzi. Shenqi Mipu umeandikwa kwa alama hizo.

Jambo la kushangaza kwa aliyezoea nota za Kizungu ni kwamba alama hizo haziandiki sauti, bali huandika mikono. Aidha hazisemi sauti idumu kwa muda gani. Msomaji anaelezwa kwa usahihi mkubwa kidole kiende wapi, lakini haambiwi kikae huko mpaka lini. Mapigo yote, mwendo wote, pumzi yote ya wimbo imeachwa nje ya karatasi.

Je, hiyo ni kasoro? Wako watakaosema kwamba ni kasoro kubwa, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini tunaona vema kuangalia jambo moja ambalo Zhu Quan alilifanya, na ambalo kwa maoni yetu linampa nafasi ya juu miongoni mwa wahariri. Nyimbo za juzuu ya kwanza zilikuwa za kale sana, nazo hazikuwa zikipigwa tena kwa kawaida zama zake. Hizo alizitoa bila ya kuziwekea vituo vya kugawa sentensi za muziki. Zile za juzuu mbili zilizofuata, ambazo zilikuwa hai mikononi mwa wapigaji, aliziwekea vituo. Maana yake ni kwamba alikataa kubuni mahali ambapo hakupokea kutoka kwa mwalimu. Ni wahariri wangapi wa tenzi zetu ambao wangeweza kujizuia hivyo? Tumeona mara nyingi beti zikinyoshwa, mizani ikijazwa na neno gumu likibadilishwa, bila ya msomaji kuarifiwa. Daftari la mwaminifu huacha wazi nafasi ya kitu asichokijua.

Kitabu cha pili tunachotaka kukijadili ni Taiyin Daquanji, cha karne ya 15, kilichojengwa juu ya kazi ya zamani zaidi ya enzi ya Song. Hiki ndicho chenye picha. Mna michoro ya maumbo mbalimbali ya guqin, na, kinachotuhusu zaidi, michoro ya mikao ya mikono. Kila mkao umechorwa, na umefananishwa na kiumbe au jambo fulani la maumbile. Mkao mmoja ni korongo anayecheza aliposhtuliwa na upepo. Mwingine ni vunjajungu anayemkamata nyenje. Mwingine ni samaki anayetikisa mkia katika kuogelea, na mwingine ni kobe anayetoka majini. Kidole cha kushoto kinapougusa uzi kwa wepesi bila ya kuubana, ili itoke ile sauti nyembamba kama ya kengele ya mbali, mfano wake ni kipepeo mweupe anayeelea juu ya maua.

Mtu anaweza kuzitazama picha hizo akadhani ni mapambo ya kupendeza macho tu. Sisi tunaona kwamba huko ni kuzisoma vibaya, kama vile mwanafunzi anayedhani kwamba tashbihi katika shairi imewekwa ili shairi lipendeze. Fikirini kazi ya mwalimu wa ala. Akisema "gusa polepole", mwanafunzi atagusa kwa uzito, ila atachelewa. Akisema "gusa kwa wepesi", atagusa haraka. Akisema "gusa kama kipepeo anayeelea juu ya ua", basi wepesi, muda wa kukaa na namna ya kuondoka vimesemwa pamoja, kwa kuwa kipepeo halali juu ya ua wala haligongi. Kumbe kile ambacho alama za vidole hazikuweza kukiandika, yaani pumzi na mwendo, kimerudi kwa mlango wa picha. Tashbihi imefanya kazi ambayo namba haikuiweza.

Hata hivyo picha hizo zina mpaka wake. Zinamhitaji msomaji aliyepata kumwona korongo akicheza. Tena zimechorwa kwa ajili ya watu wa tabaka la wasomi, waliokuwa na wasaa wa kutazama makorongo na kuandika beti juu yao. Mkulima aliyekuwa akiimba kondeni hakuchorewa kitabu. Lawama hii ni ya haki, na tutairudia tutakapofika kwa inanga.

Nguvu ya daftari la namna hii ilidhihirika katika karne ya 20. Miongoni mwa nyimbo za Shenqi Mipu umo Guangling San. Simulizi za Kichina zinasema kwamba Xi Kang, mwanachuoni wa karne ya 3, aliupiga alipokuwa akisubiri kuuawa, akajuta kwamba alikuwa amekataa kuufundisha, na kwamba sasa wimbo huo unakatika. Wimbo wenye jina hilo ulipatikana kitabuni, lakini mikono iliyoupiga ilikuwa imekwisha kutoweka. Katika miaka ya 1950 mpigaji Guan Pinghu aliusoma katika mkusanyo ule wa 1425 na kuurudishia sauti. Kazi ya namna hii ina jina lake, dapu, na msemo wa wapigaji ni kwamba wimbo mdogo hudai miezi mitatu na mkubwa miaka mitatu. Mwaka 1956 mwanamuziki Zha Fuxi aliongoza safari ya kuwatafuta na kuwarekodi wapigaji waliobaki katika miji mingi ya Uchina, nao waliopatikana ni zaidi ya 80 kidogo tu. Kwa nchi kubwa kiasi kile, idadi hiyo inatisha. Lakini vitabu vilikuwapo, na kwa sababu hiyo wachache wale walikuwa na kitu cha kusoma. Mwaka 1977 chombo cha Voyager kilipopelekwa angani na sahani ya muziki wa dunia, wimbo wa guqin Liu Shui, uliopigwa na huyo huyo Guan Pinghu, ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizochaguliwa. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza sanaa ya guqin kuwa miongoni mwa turathi bora za wanadamu.

Tugeuke sasa kwa inanga. Sanaa ya Burundi inayofahamika zaidi ulimwenguni ni ngoma, na ngoma za kifalme ziliingizwa katika orodha ya turathi za UNESCO mwaka 2014. Hatuna ugomvi na ngoma. Lakini ngoma husikika bila ya kutafutwa, na inanga haisikiki mpaka mtu asogee. Ilikuwa ala ya jioni, ya nyumbani na ya baraza za watawala, na namna yake mashuhuri kabisa ni ile ambayo mpigaji haimbi, bali hunong'ona.

Hapa ndipo penye ajabu ambayo mwalimu wa lugha hapaswi kuipita. Kirundi ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana ya neno, na si hisia za msemaji tu. Sisi wa Kiswahili tunalo jambo linalokaribia hilo katika neno barabara, ambalo mkazo ukihama maana nayo huhama, na mfano huo tumeurudia darasani hata umechakaa, kwa kuwa hatuna mingi. Mrundi anayo mingi. Basi mtu anaponong'ona, koo halitetemi, na kwa hiyo sauti yake haina kiwango cha juu wala cha chini. Maneno yamebaki na konsonanti na irabu zake, lakini wimbo wa lugha umeondoka. Ni nani anayeurudisha? Ni nyuzi. Muziki wa inanga hufuatana na maneno, na sikio la msikilizaji huunganisha mnong'ono wa mpigaji na sauti ya uzi, hata akaona kama kwamba ule mnong'ono wenyewe unaimba. Mtafiti Cornelia Fales ameliandika jambo hili kwa kirefu, na katika makala yake ya mwaka 2002 amelitumia kuonyesha jinsi sikio la mwanadamu linavyoshiriki katika kuutengeneza muziki linaousikia.

Tukishaelewa hivyo, tunaona mara moja ugumu wa kuiwekea inanga daftari. Mwandishi atakayeandika maneno peke yake kwa maandishi ya kawaida ya Kirundi, ambayo hayaonyeshi toni, ataandika nusu ya maneno, maana nusu ya pili ilikuwa katika nyuzi. Atakayeandika nyuzi peke yake ataandika toni za maneno yasiyokuwapo. Na atakayetafsiri kwa Kiswahili chetu kisicho na toni ataleta habari ya wimbo bila ya wimbo wenyewe.

Majaribio yaliyokwisha kufanywa yanastahili kupimwa kwa haki. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na rekodi zake zilitolewa Ufaransa katika santuri za Ocora. Inanga ya kunong'ona imo. Kwa santuri hiyo watu wa mbali walipata kuujua mnong'ono ambao hata mjini Bujumbura wapo wasiowahi kuusikia. Santuri ina kitu ambacho Zhu Quan hakuwa nacho: muda. Kila pigo limekaa mahali pake na pumzi zote zimo. Lakini santuri haina mkono. Anayetaka kujifunza hawezi kujua kutoka kwayo kidole gani kiligusa uzi gani, wala mpigaji alimwambia nini mwanawe alipokosea. Kwa upande wa Tanzania, M. M. Mulokozi, ambaye walimu wa Kiswahili wanamfahamu vema, alizifanyia kazi tendi za enanga za Wahaya. Katika makala ya mwaka 1983 na tasnifu ya mwaka 1986 alionyesha kwamba watambaji hao ni watunzi wa tendi kwa maana kamili, wakati ambapo Ruth Finnegan mwaka 1970 alikuwa ametilia shaka kuwapo kwa tendi katika Afrika. Huo ulikuwa ushindi wa maneno, nao ulihitajika. Ila mwanafunzi akiyasoma maneno ya utendi ukurasani bado hasikii uzi.

Hapo tunaona daftari tatu, na kila moja limeacha safu moja tupu. Wachina waliandika mkono wakaacha muda. Santuri ilishika muda ikaacha mkono. Maandishi ya tendi yalishika maneno yakaacha vyote viwili. Na sisi Waswahili tusijione tumesalimika. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 na mashairi ya Muyaka, ambayo Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya Mombasa na W. Hichens akayachapisha mwaka 1940, yametufikia katika maneno. Mahadhi yake, yaani sauti ambayo kwayo yalisomwa, hayakuandikwa. Tunafundisha vina na mizani kwa chaki, na tunafundisha kama kwamba hesabu ya silabi ndiyo shairi.

Wako ndugu watakaotupinga wakisema kwamba inanga ni fasihi simulizi, na kwamba kuiandika ni kuiua. Tunaliheshimu wazo hilo, lakini mfano wa guqin haulikubali. Vitabu vile havikuchukua nafasi ya mwalimu. Kwa kuacha muda nje, vilimlazimisha mwanafunzi amtafute mwalimu, na pale mwalimu alipokosekana vilimlazimisha afanye kazi ya miaka. Kinachoua ni ukimya wa aliyekataa kufundisha, kama alivyokiri Xi Kang mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi ambayo iko ndani ya uwezo wetu. Mwalimu wa Kiswahili wa hapa Bujumbura, awe Asiatique, Buyenzi au kwingineko, ashirikiane na mwenzake wa Kirundi, wamtafute mpigaji mmoja, na kwa ridhaa yake warekodi wimbo mmoja tu. Maneno yaandikwe kwa Kirundi na toni zake zote. Chini yake ziandikwe namba za nyuzi na vidole. Mikono ipigwe picha. Jina la mpigaji na la aliyemfundisha yatangulie, ili lawama tuliyowatupia wasomi wa Ming isitufuate. Kisha mpigaji aulizwe: mkono huu unafanana na nini? Tusimpe korongo wala kipepeo wa Uchina. Tungoje jibu lake, liwe ni pembe za ng'ombe, ni mvua juu ya jani la mgomba, au ni jambo ambalo sisi hatulidhanii, na tuliandike kama alivyolisema.

Kiswahili kitakuwa na kazi yake katika ukurasa huo, nayo ni kazi ya maelezo pembeni, ili Mhaya, Mshi, Mnyarwanda na Mhehe, ambao wana ala za jamii hiyo hiyo, waweze kusoma na kulinganisha. Hiyo ni heshima ya kutosha kwa lugha ya mawasiliano. Pale ambapo hatukuelewa, tuache nafasi wazi, bila ya kituo, kama alivyofanya mhariri wa mwaka 1425.